Fimbo Iliyokuwa Mkononi mwa Musa

Masomo: Kutoka 3:10 mpaka 4:17, 1 Samweli 17:31-40, Matendo ya Mitume 9:26-28 na 11:22-26



Neno la leo linawahusu vijana wetu waliomaliza masomo na sasa wanakaa nyumbani. Mnawajua. Mmoja wao huketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na ibada ikiisha ametoka kabla hamjamsalimu. Alipata diploma ya serikali, akaendelea ISP au shule nyingine ya juu hapa mjini, au Bukavu, au ng'ambo ya mpaka huko Bujumbura. Mama yake aliuza ndagala sokoni miaka mitano ili alipe karo. Siku ya kumaliza walimpaka unga wa mhogo kichwani, wakaimba barabara nzima. Leo diploma iko ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, ili maji ya mvua yasiiguse.

Asubuhi kijana huyo huvaa shati lake jeupe na kwenda kusoma matangazo yaliyobandikwa kwenye malango ya maofisi. Tangazo linasema: uzoefu wa kazi miaka 2. Lingine: miaka 3. Lingine: miaka 5. Anajiuliza, nitaupata wapi uzoefu kama kila mlango unaniomba nije nao? Swali hilo ni la haki, wala tusimcheke. Sentinele akimwuliza, "Unamtafuta nani?", sauti inakauka kooni. Anajibu, "Simtafuti mtu," anageuka. Anarudi kwa njia ya nyuma, asikutane na jirani atakayemwuliza, "Bado tu?"

Basi nyumbani maneno huanza kubadilika. Mwezi wa kwanza wanasema, Mungu atafungua. Mwaka wa pili wanasema, huyu kijana amefungwa. Na mara atatokea mtu, pengine amevaa nguo nyeupe kama sisi, ataweka mkono juu ya kichwa cha kijana, atatetemeka, atasema ameona mzee mwanamke nyuma ya nyumba, ameshika kamba, ndiye aliyeifunga njia ya kazi. Jamaa yote itageuza macho kumtazama bibi.

Ndugu zangu, hapa nitasema wazi. Sisi ni kanisa la unabii, hatuoni haya kwa hilo. Tunaamini Mungu huonyesha, tunaamini ndoto, tunaamini maombi ya usiku na kufunga. Lakini mtume Paulo, alipowakataza Wathesalonike wasidharau unabii, aliwaagiza papo hapo wajaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Naye Yohana aliamuru roho zipimwe (1 Yohana 4:1). Basi tupime. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliwalisha watu wengi wa bonde la Ruzizi. Kijana aliingia pale hajui kitu, akafundishwa na fundi aliyemtangulia, akawa fundi. Vita vya 1996 vilikisimamisha kiwanda kile. Je, ni bibi gani wa Songo aliyekisimamisha? Shule zinatoa wenye diploma kila mwaka, na malango ya kazi ni yale yale, mengine yamefungwa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika ukachukua nyumba na watu, maduka mengi yaliyokuwa na kazi ya karani au mwuzaji yalikwenda na matope. Tulia, uhesabu. Kama mwanamke mzee mmoja anaweza kufunga kazi za vijana wote wa Uvira, basi tumempa nguvu kuliko vita na mafuriko.

Wala hili si neno la kuchezea. Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake wazee wa Kabare, Kalehe na Walungu walichomwa moto na kuuawa na makundi ya watu, baada ya kutajwa kuwa wachawi na wale wanaojiita waonaji. Damu ile inalia kutoka katika udongo kama damu ya Habili. Mwonaji wa kanisa hili ambaye kijana asiye na kazi analetwa mbele yake, na atamke jina la bibi yake, ajue anachochea moto wa namna ile. Afunge kinywa kwanza, aombe tena. Na tena.

Turudi kwa Musa.

Musa alikuwa mtu wa shule. Stefano, mbele ya baraza, alishuhudia kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Lakini elimu ile yote aliishia nayo nyikani kwa Wamidiani, anachunga kondoo, tena si kondoo zake, ni za baba mkwe. Miaka 40! Mungu anamwita kwenye kijiti kinachowaka na kumpa kazi kubwa, naye anajibu kama yule kijana wa benchi la mwisho. Mimi ni nani hata niende kwa Farao? Hawataniamini. Sijui kusema, ulimi wangu ni mzito. Someni sura ya 3 na ya 4, mhesabu visingizio vyake. Mwishoni anasema wazi: tuma mwingine.

Sasa tazameni Mungu alivyofanya. Hakumwuliza Musa ana vyeti gani vya Misri. Alimwuliza ameshika nini mkononi. Musa alishika fimbo. Fimbo ya mchungaji, kitu alichokishika kila siku mpaka hakukiona tena kuwa ni kitu! Fimbo ile ile aliiinua juu ya bahari (Kutoka 14:16), na kwa ile ile aliupiga mwamba, maji yakatoka (17:5-6). Na miaka ile 40 aliyoiona ni miaka iliyopotea, alikuwa akijifunza nyika: maji yako wapi, kundi linatembea namna gani, anayechoka anangojwa namna gani. Ndiyo nyika aliyokuja kuwaongoza watu ndani yake.

Kisha tazameni jambo la pili, ambalo sisi wa kanisa la kuponya tunalipita haraka. Mungu hakuuponya ulimi wa Musa. Angeweza. Alimkumbusha kwamba ndiye aliyekiumba kinywa. Lakini ulimi uliendelea kuwa mzito, na Mungu akamletea Haruni, ndugu yake, ambaye alikuwa njiani tayari anakuja kumlaki. Basi ninyi mnaowaleta vijana wenye haya ili tuwawekee mikono roho ya haya iwatoke, nawajibu: tutaomba, ndiyo, lakini na ninyi mtafute Haruni yuko wapi. Mara nyingi ameketi kwenye benchi la mbele, ana kazi nzuri, na anaimba haleluya.

Hata Simon Kimbangu, ambaye makanisa mengi ya Kiafrika ya nchi hii yanamheshimu, hakuikimbilia kazi yake akishangilia. Alizaliwa Nkamba mwaka 1887, akawa katekista wa misheni ya Wabaptisti. Sauti ilipomwita, alijiona si mtu wa kutosha. Akaondoka Nkamba, akaenda Kinshasa kutafuta kazi ya mikono kama vijana wetu wanavyotafuta. Akarudi nyumbani. Tarehe 6 Aprili 1921 ndipo alipoanza, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji walimkamata. Miezi mitano tu! Iliyofuata ni gereza miaka 30, mpaka alipofariki Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Basi mtu akikuambia kwamba mwoga hawezi kutumiwa na Mungu, mwambie asome tena.

Sasa nawageukia ninyi vijana wenyewe, mnisikilize vizuri.

Daudi aliombwa uzoefu wa kazi. Ndiyo, someni 1 Samweli 17. Mfalme Sauli alimtazama akamwambia hawezi, kwa sababu yeye ni kijana tu na yule Mfilisti ni mtu wa vita tangu ujana wake. Hilo ni tangazo la langoni kabisa: miaka kumi ya vita inahitajika. Daudi alijibu nini? Hakusema uongo kwamba amewahi kuwa askari. Wala hakunyamaza akageuka. Alisema habari za kondoo za baba yake, jinsi simba alivyokuja, na dubu, na jinsi alivyowafuata akamtoa mwana-kondoo kinywani. Alieleza kazi aliyoifanya, mahali alipoifanya, hatari iliyokuwapo, na mwisho wake. Sauli akamwambia aende.

Kisha walimvika silaha za mfalme, kofia ya shaba na vazi la chuma, akashindwa kutembea, akazivua, kwa kuwa hakuwa amezijaribu. Wapendwa, siku hizi silaha za Sauli zinauzwa pale kwenye vibanda vya fotokopi. Unalipa franka, unapewa CV iliyoandikwa tayari, yenye maneno yale yale waliyopewa watu ishirini kabla yako: mtu mwenye nguvu, anayejua kufanya kazi chini ya shinikizo, anayejua kompyuta. Mkubwa wa ofisi amekwisha kuisoma mara ishirini. Ukiulizwa neno moja juu yake utaanguka nayo, maana si ya kipimo chako. Na wengine wanauza hata vyeti vya kazi ambayo hukuifanya. Usinunue. Huo ni ushuhuda wa uongo, na tena siku ile utakayofanywa mweka hazina, mwongo wako atakuwa ameketi nawe mezani akijua siri yako.

Una nini mkononi? Nawauliza, jibuni.

Binti mmoja atasema, sina kitu. Lakini mimi namwona kila Ijumaa ameketi katikati ya mama 25 wa kikundi cha akiba, ndiye anayeandika kitabu kwa sababu mama wengi hawakusoma. Wiki kwa wiki anahesabu mbele yao, anaandika mkopo, anaandika faini, na mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa na kila mmoja anapata chake bila ugomvi. Huo ni utunzaji wa hesabu. Kuna wafanyakazi wa mishahara ambao hesabu zao hazifungwi hivyo. Basi asiandike, "nilisaidia kanisani." Aandike: tangu mwezi fulani wa mwaka fulani mpaka leo, ninatunza kitabu cha pesa cha kikundi cha watu 25, ninahesabu kila wiki, ninatoa ripoti ya mwaka. Na mama rais wa kikundi atie sahihi, aandike namba yake ya simu, ili anayetaka kuhakikisha ahakikishe.

Mwingine alifundisha watoto shule ya Jumapili miaka minne. Mwingine aliandika majina ya jamaa zilizokimbia maji mwaka 2020, nani ana mtoto mchanga, nani hana sufuria. Mwingine hutafsiri wageni wakija, anatoka Kifaransa anaingia Kiswahili, kisha Kifuliru au Kibembe kwa ajili ya wazee. Mwingine anauza yuniti chini ya mwamvuli karibu na bandari na kila jioni pesa za watu zinakwenda sawa na maandishi ya simu. Haya yote ni simba na dubu. Chukueni daftari, mwandike. Kitu, mahali, muda, watu wangapi, kiliishaje, nani anashuhudia. Andikeni kweli tupu, hata kama ni mistari sita tu.

Kuhusu haya, kijana wangu, usijichukie. Tena nakwambia kuna kazi zinazomwomba mtu mkimya. Anayetunza ghala la dawa. Anayekaa kwenye maabara. Anayeandika forodhani, ambapo herufi moja ikikosewa shehena nzima inalala Kalundu. Muuguzi wa zamu ya usiku. Wavuvi wetu wanaotoka jioni na taa zao wanajua: nahodha akichagua wa kumpandisha chomboni hamchagui aliyepiga kelele ufukweni. Na mvulana wa mara ya kwanza hakuulizwa uzoefu. Alichota maji yaliyoingia chomboni, alivuta kamba, alitazama wakubwa wanavyofanya. Mwezi mpevu ulipowazuia kutoka, alikaa nao kushona nyavu, na hapo ndipo alipojifunza zaidi. Laiti maofisi yetu yangekumbuka kwamba na wao walipandishwa chomboni na mtu.

Lakini ukimya si ruhusa ya kurudi langoni bila kusema neno. Jizoeze. Tunga maneno matano: jina lako, masomo yako, kazi moja uliyoifanya, unachoomba, na shukrani. Yaseme mbele ya mama yako, anayekupenda. Kisha mbele ya kwaya. Kisha omba kusoma matangazo ya Jumapili, hata kama karatasi itatetemeka mkononi, tutangoja. Nenda ofisini asubuhi, si saa ya jua kali watu wakiwa wamechoka. Msalimu sentinele kama unavyomsalimu baba mdogo, kwa maana yeye ni mlango wa kwanza na anaona mengi. Usiseme, "Natafuta kazi yoyote." Hakuna mtu anayeitwa Kazi Yoyote katika ofisi ile. Sema unataka kumwona nani na kwa neno gani. Wakisema rudi kesho kutwa, rudi kesho kutwa. Yule mjane wa Luka 18 alimrudia kadhi mpaka kadhi akachoka.

Naam, na staji. Wengi wenu mtaambiwa: njoo ujifunze kwanza, mshahara baadaye. Pengine ni njia njema, kwa maana ndipo mkono unapozoea. Lakini ulizeni, mpaka lini? Mnawajua walimu wanaoitwa "nouvelles unités", wanaoingia darasani kila asubuhi na chaki, na majina yao hayajaingia kwenye malipo ya serikali. Zamani wazazi walichanga, wakawapa kidogo. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo, mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, wengi wao walibaki bila hata kile kidogo. Kijana mwenye haya ndiye anayeangukia shimo hilo kwanza, kwa sababu hawezi kuuliza. Basi nawaulizia mimi. Sheria ya kazi ya nchi hii, namba 015 ya mwaka 2002, inasema kipindi cha majaribio hakipiti mwezi 1 kwa mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Ukipokelewa kwa staji, omba karatasi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Miezi mitatu ikiisha, omba cheti cha uliyoyafanya, kisha useme kwa heshima, "Baba, muda wetu umetimia." Bwana Yesu amesema mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7).

Na hapa nawagusa hata wazee wa makanisa. Tusimwite kijana afundishe shule ya kanisa au aandike kwenye zahanati ya kanisa mwaka baada ya mwaka, tukimwambia ni kazi ya Mungu, thawabu iko mbinguni, na huku sisi tunakula sadaka hapa duniani. Yakobo amekwisha kuandika juu ya ujira uliozuiliwa unaopiga kelele (Yakobo 5:4).

Jambo lingine ni gumu, lakini binti zetu wanalibeba peke yao. Kuna mtu mwenye ofisi atakayemwambia binti aje jioni, aje nyumbani, aje hotelini, ndipo karatasi zisainiwe. Binti mwenye haya ananyamaza, kisha analaumiwa. Mama, msimtume binti peke yake kwenye miadi isiyo ya ofisini wala ya saa za kazi. Mtu mmoja aende naye. Na binti akija kukuambia, usimwulize alikuwa amevaa nini. Yusufu alikimbia akaacha nguo yake mkononi mwa mke wa Potifa, tunamsifu kila mwaka kwenye mahubiri. Binti aliyekimbia akaikosa kazi, naye asifiwe hivyo hivyo, tena hadharani. Na yule anayeomba dola kabla ya kukupa kazi, mwache apite zake. Wengi waliolipa bado wanangoja simu yake.

Sasa Haruni yuko wapi? Nimewageukia ninyi mnaofanya kazi: bandarini, hospitalini, mashuleni, forodhani, kwenye mashirika, kwenye duka la dawa, kwenye karakana ya pikipiki.

Sauli wa Tarso alikuwa mtu wa masomo, alifundishwa miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3). Alipokuja Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa. Cheti chake kilikuwa kibaya kuliko kutokuwa na cheti! Barnaba alimtwaa, akampeleka kwa mitume, akawaeleza. Hebu angalieni Barnaba alisema nini. Hakusema, huyu ni mtoto wa kwetu. Barnaba alikuwa Mlawi wa Kupro, Sauli alikuwa wa Tarso, hawakutoka kijiji kimoja. Alieleza mambo aliyoyajua: jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, jinsi alivyonena kwa ushujaa huko Dameski. Huo ndio ushuhuda. Kwetu hapa tumeharibu jambo hili. Mfuliru anamwita Mfuliru, Mbembe anamwita Mbembe, Mvira anamwita Mvira, Mnyamulenge naye wake, na wa kabila lingine anaambiwa nafasi zimekwisha. Kumshuhudia mtu kwa kazi yake uliyoiona si upendeleo. Kumpitisha kwa ukoo wake bila kujua anaweza nini, huo ndio upendeleo, na unamnyima mkate mtoto wa mwenzako anayeimba kwaya moja na wako.

Halafu someni sura ya 11. Kazi ilipokuwa nyingi Antiokia, Barnaba hakungoja Sauli alete barua ya kuomba kazi. Sauli alikuwa amerudi Tarso, amekaa kimya. Barnaba alifunga safari mwenyewe, akaenda kumtafuta, alipomwona akamleta, wakafanya kazi pamoja mwaka mzima. Mwaka mzima! Hiyo ndiyo staji ya mtume Paulo, na bwana wa staji alikuwa mtu aliyemkumbuka.

Siwaombi mwibe nafasi wala mwandike majina ya uongo. Naomba mambo ambayo hayana gharama. Tangazo likitoka kazini kwako, ulilete kanisani kabla tarehe haijapita, usilifiche kwa ajili ya shemeji yako. Mruhusu kijana aje siku moja atazame kazi inavyofanyika, ajue daftari la ghala linafananaje, ajue watu wanaongea namna gani mle ndani, maana nusu ya hofu ni kutojua. Kisha ukiulizwa habari zake, useme unayoyajua.

Wengine watasema, Mchungaji, nchi hii ni ya kifungu cha 15, kila mtu ajitafutie. Maneno hayo yametuchekesha miaka mingi. Lakini kifungu hicho hakimo katika Biblia yangu, nimeitafuta mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo: Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ibada ikiisha, hatutatawanyika. Vijana wote waliomaliza masomo na hawana kazi wabaki ndani, waje na diploma zao, daftari na kalamu. Wote wenye kazi, hata ya kibanda, wabaki pia, tutawakalisha wawili wawili, mwenye kazi na asiye na kazi, wala si wa jamaa moja. Mama wa kikundi cha akiba waje na vitabu vyao tuone nani aliyeviandika. Hakuna malipo, hakuna sadaka ya pekee ya kufungua njia. Waonaji wataomba mwanzoni, kisha nao wataketi pamoja na wengine kusaidia kuandika. Na kila kijana mwenye bibi nyumbani amlete. Mabenchi ya mbele, upande wa kulia, tumewawekea wao.